Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: sababu yangu ya kuacha kazi sio "binafsi"

Kwa wakubwa wangu wa elimu, kuanzia hapa wilayani, mkoani, mpaka huko Dodoma. Shikamooni wale wa kushikamoo, wengine habari za kazi.

YAH: KUACHA KAZI YA UALIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sijui kwanini barua zetu zote lazima zianze hivi ila nimeandika hivi miaka 11 nimeshindwa kuacha, mtanisamehe. Hii haina u.f.s. ya mtu yeyote, haijapitia kwa mkuu wa shule wala kwa afisa elimu kata, imetoka kwangu moja kwa moja.

Jumanne ya wiki iliyopita nilipeleka barua yangu ya kuacha kazi masijala. Kuna dada pale, mstaarabu kabisa, akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena, ilikua kurasa tatu, akaniambia mwalimu wangu hii ukiipeleka hivi itazunguka kwenye meza za watu mpaka uzeeke, kaandike mistari minne, sababu weka "binafsi", itapita haraka. Nikakaa kwenye benchi nje chini ya mwembe, nikaandika mistari minne, sababu binafsi, sahihi, tarehe. Ikagongwa muhuri ndani ya dakika kumi. Sasa nilipofika kituo cha bajaji ndio akili ikanijia, kumbe mimi ninaeacha kazi kwasababu ya uongo hata barua ya kuacha kazi nimeiandika kwa uongo! Kwaiyo hii hapa ndio ile ya kurasa tatu. Imeongezeka kidogo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na fizikia, mzaliwa wa Muheza, mama yangu alitusomesha kwa machungwa. Shule niliyoacha sitaitaja mana walimu wenzangu bado wako mle na wao ndio watakaoitwa kujieleza. Iko pembeni ya jiji la Tanga, upande ule ambao bajaji inaacha lami alafu unamalizia na vumbi. Ni shule ya kata kama hizo nyingi zilizokuja baada ya mpango wa MMES wa 2004, ule wa maendeleo ya elimu ya sekondari, wananchi wakachimba msingi na kufyatua tofali, serikali ikaleta bati na mwalimu. Nilipangiwa pale Aprili 2014 na sijawahi kuomba uhamisho hata siku moja. Wenzangu tulioripoti pamoja wakanitania, Tanga waja leo waondoka leo, utahama tu, nikawa nawajibu mimi mwenyeji bwana, niende wapi.

Nataka mjue ile shule ilikuaje kabla, mana wengi wenu mmeikuta hivi mkadhani ndio sura yake. Mkuu wa shule alikua mtu mzima, tulimuita Mzee tu. Saa moja kasoro robo asubuhi yuko getini, hana fimbo, na wanafunzi anawajua kwa majina yao na ya mama zao. Ukichelewa hakuchapi, anakuuliza mama ameamkaje leo, yani mtoto anaona aibu kuliko angekula viboko vinne. Maabara tulikua nayo moja, ilijengwa ile miaka ya Kikwete kila kata ilipoambiwa ijenge maabara, vifaa vichache ila vinafanya kazi, na mimi na mwenzangu wa kemia tulikua tunaifungua mpaka Jumamosi na hakuna aliyetulipa hata soda.

Siku moja kidato cha tatu tulikua tunapima mvutano wa dunia kwa pendulamu. Hatukua na pendulamu ya dukani, tulitumia uzi wa fundi viatu na nati ya baiskeli, na mji huu nati za baiskeli hazijawahi kuadimika. Kundi moja wakapata 9.6. Walipiga kelele kama Coastal imemfunga Simba. Alafu mmoja wao akachungulia kitabu akaona 9.8, akachukua ufutio haraka haraka anataka kubadilisha. Nikamshika mkono, nikamwambia acha hivohivo, andika ulichokipata wewe, alafu tukae tutafute ile pungufu imetoka wapi. Tukatafuta. Tukagundua uzi tulipima kuanzia kwenye fundo hadi juu ya nati badala ya katikati ya nati. Kipindi kilikua cha dakika 80 tukatumia karibu masaa mawili, mwalimu wa jiografia akaninunia wiki nzima mana nilimlia kipindi chake. Mpaka leo sidhani kama nimewahi kufundisha vizuri kuliko siku ile.

Sasa ngoja nirudi nyuma kidogo. Mtakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata divisheni ziro, yani wamefeli, nchi nzima ikawa inaongelea hilo. Ikaundwa tume ya Waziri Mkuu, matokeo yakafutwa, yakachakatwa upya, ufaulu ukapanda. Watoto walewale, karatasi zilezile, majibu yaleyale. Nikaingia kazini, matokeo ya 2014 yakaja kwa GPA, yani wastani wa alama badala ya divisheni, mtoto anamletea baba yake sijui Merit sijui nini, mzee wa watu haelewi ampongeze au amchape, na haikuchukua muda 2016 tukarudishwa kwenye divisheni. Najua kuna wataalamu watasema kila kitu kilikua na sababu yake na siwezi kubishana nao. Ila sisi wa chini tulichojifunza pale ni kwamba mtoto akishindwa kupanda ngazi, ngazi inaweza kushushwa, na haihitaji kelele.

Januari 2016 ikaanza elimu bila malipo kwa ule Waraka Namba 5 wa 2015. Mimi naiunga mkono mpaka kesho, asije mtu akaniwekea maneno mdomoni, kuna watoto wa dada yangu watatu wamesoma kwasababu hiyo. Kidato cha kwanza chetu kilikua kinaingia watoto kama 120, mwaka ule wakaja karibu 290. Wakakaa watatu kwenye meza ya mmoja. Ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sio yote inayofika shuleni mana sehemu inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Mimi mwalimu wa hesabu, naomba tupige hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. 25,000 gawanya kwa 194 ni shilingi 128 na senti. Hiyo ndio chaki, karatasi za mtihani, umeme, maji, kemikali za maabara, ukarabati na michezo ya mtoto mmoja kwa siku. Nenda nayo sokoni Ngamiani uone inanunua nini.

Na hao 290 wametoka shule ya msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, wanafika kwetu Januari wanaambiwa kuanzia leo ni Kingereza. Nina watoto wanajua kukokotoa kichwani kuliko mimi, wamekua sokoni wanauza na mama zao, ukimpa swali la karatasi anatoa macho mana hajui ameulizwa nini. Hapahapa Tanga Mjerumani alifungua shule ya serikali mwaka 1892 na watoto wakafundishwa kwa Kiswahili, wakatoka makarani na walimu. Mkoloni! Sisi tuliojitawala tangu 1961 bado tunabishana. Haya hilo lina wenyewe, tuendelee.

Kilichoua ile shule sio msongamano. Msongamano tuliuweza, tuligawana mikondo, wengine tukafundisha mchana. Kilichoiua ni kikao.

Matokeo ya 2017 yalipotoka tulikua na ziro 47 kati ya watahiniwa 112. Vibaya sana, sikatai. Mzee hakuficha. Aliandika ripoti ya kurasa sita, aliiandika kwa mkono kwanza mimi ndio nikamchapia, akaeleza kila kitu kilivyo, kwamba hesabu ina mwalimu mmoja kwa watoto zaidi ya 600, huyo mmoja ndio mimi, kwamba wapo watoto 30 na kitu walioingia kidato cha kwanza hawawezi kusoma aya ya Kiswahili sembuse hicho Kingereza, kwamba toka Agosti hakuna mwalimu wa fizikia wa kidato cha kwanza na cha pili. Akaomba vitu vitatu tu, sio vikubwa. Akavaa suti yake ya kahawia akaenda kwenye kikao cha tathmini.

Mle ukumbini mkubwa mmoja, simtaji, akawaita mbele wakuu wa shule zilizoshika mkia. Wakapewa kinyago. Kinyago cha mti, wakipokezane, wapigwe picha. Mzee alikua na miaka 58, ana wajukuu. Picha ilifika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla yeye hajafika nyumbani, na kesho yake getini watoto walikua wameshaiona kwenye simu za kaka zao. Alisimama palepale saa moja kasoro robo. Ila hakumuuliza mtu habari za mama yake. Ripoti ya kurasa sita aliniambia hakuna aliyeifungua, ilibaki kwenye meza ya mapokezi na chupa za maji. Baada ya miezi michache akaandika barua ya kustaafu kwa hiari.

Aliyekuja baada yake sio mtu mbaya. Nalisema hili mana najua ataisoma. Ni mchapakazi, ana familia, anasomesha, na kile kinyago alikiona kama sisi wote tulivyokiona. Akaelewa somo. Kuanzia pale shule yetu ikawa mbili, moja ya kwenye makaratasi na moja ya kwenye vumbi, na ya makaratasi ikawa inapanda kila mwaka.

Mahudhurio asilimia 92. Nani aliyahesabu? Msimu wa machungwa robo ya wavulana wangu wako Muheza wanapakia malori, wengine wako kwenye boda, na hao wote kwenye daftari la mahudhurio wana vema. Maandalio ya somo, tukisikia wadhibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wanakuja tunakesha siku mbili kuandika maandalio ya miezi miwili, vipindi ambavyo vingine havikuwepo kabisa, nimeandika pale wanafunzi walijadili kwenye makundi, watoto 86 kwenye chumba kimoja, makundi yakae wapi, dirishani? Alafu kwenye kupima utendaji wa mtumishi tukatoka kwenye OPRAS ya makaratasi tukaja PEPMIS ya kwenye simu, saa nne usiku niko kitandani na bando langu mwenyewe najijazia utekelezaji wa majukumu. Asilimia 95. Nilijipa 95, nani anajinyima.

Lakini hayo ni madogo, nakuja kwenye lenyewe.

Kuna zile alama za maendeleo ya mwanafunzi zinazopelekwa Baraza la Mitihani, za majaribio na za kazi mradi, ambazo zinaingia kwenye matokeo yake ya mwisho ya kidato cha nne. Mwaka mmoja, saa kumi jioni, nikaitwa ofisini nikaambiwa madam za hesabu hazipo na mwisho wa kutuma ni kesho saa sita mchana. Majina 118. Jaribio moja la kidato cha tatu halikufanyika kwasababu rimu zilikua zimeisha. Kazi mradi haikufanywa na mtoto hata mmoja. Nikasema basi tuandike hazipo. Nikaangaliwa tu. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyenigombeza, ule ukimya tu ulitosha, na mimi nikawaza kinyago, na nikawaza pia watoto wenyewe, shule zingine zote zimejaza, wakwangu waende na nafasi tupu kwasababu mwalimu wao ana msimamo?

Nikajaza. Ndio, nilijaza, kwa mkono wangu, mpaka saa sita usiku. Na nikagundua kudanganya nako kuna ufundi, huwezi kuwapa wote 50, lazima uwatawanye, huyu 62, huyu 37, wale wazuri unawapa za juu kidogo ili isishtue. Nilitumia takwimu nilizosoma chuo kutengeneza mtawanyo mzuri kabisa. Kuna kijana mmoja, namba 74 kwenye orodha, tangu Machi alikua haonekani shule. Nikampa 41. Nilifikiria kumpa 45 nikaona nisizidishe.

Jumamosi yake nikaenda Deep Sea kununua samaki. Nakutana nae uso kwa uso, amebeba tenga, jasho linamtoka, akalitua chini akaniamkia shikamoo madam, kwa heshima zote, akaniuliza wenzie wamefika mada gani. Nikamwambia. Akasema Mungu akipenda atarudi mwezi ujao baba yake akipata nafuu, akanichagulia vibua vitatu vizuri akavifunga, akakataa hela. Nikavipokea. Sikumwambia kwamba ana 41 kwenye kazi mradi.

Pale ndio niliacha kazi. Barua imechukua muda kidogo kuifikia lakini siku yenyewe ilikua ile.

Sio kwamba hakukua na mazuri baada ya hapo. Mwishoni mwa 2021 ikaja ile hela ya UVIKO, mkopo wa IMF, trilioni 1.3, nchi nzima yakajengwa madarasa 15,000 na sisi tukapata manne. Mazuri, vigae chini, madirisha ya kioo, viti na meza vipya, nilishika ukuta nikafurahi kama nyumba yangu. Wakaja watu wa kukata utepe wakayahesabu, moja mbili tatu nne, wakapiga picha. Mwaka huohuo madarasa yameongezeka manne walimu tukapungua watatu, wawili wamestaafu mmoja amehama kumfuata mume, na hakuna aliyeuliza nani ataingia mle ndani na chaki. Mwezi Novemba mwaka uleule ndio serikali ikatangaza mabinti waliojifungua waruhusiwe kurudi shule, na sisi akarudi mmoja, mtoto anamwacha kwa bibi yake Mabawa, ananyonyesha saa kumi na moja alfajiri ndio aje. Huyu alipata divisheni three na hesabu C. Hiyo C hakuna aliyeipika. Kitaifa ufaulu wa hesabu kidato cha nne umekua unacheza kwenye asilimia 20 na kitu kwaiyo mjue C yake ina uzito gani.

Mzigo wangu mwaka wa mwisho ulikua vipindi 34 kwa wiki, mikondo minne, wastani wa watoto 86. Ukiwapa zoezi moja ni madaftari 344. Dakika mbili kila daftari, na dakika mbili huwezi kumuonyesha mtoto alipokosea unamuonyesha tu kwamba amekosea, ni dakika 688, masaa 11 na nusu. Zoezi moja. Na wakati huo mitaani kuna walimu waliohitimu wamejaa, wengine wa hesabu na fizikia. Sisi tulikua na kijana mmoja wa kujitolea, amemaliza chuo 2019, analipwa laki moja kwa mwezi kutoka kwenye michango ya wazazi, na michango ikisuasua na yeye anasuasua. Anafundisha kuliko mimi. Kila ajira zikitangazwa anaomba, anakosa, Jumatatu anarudi kwa nauli ya kukopa. Mimi nikiondoka nafasi yangu kwa haki ilitakiwa iwe yake kesho asubuhi. Mnajua na najua haitakua.

Mtasema ni hela. Haya tuongee hela. Mkopo wa elimu ya juu unakatwa asilimia 15, chama cha walimu asilimia 2, mfuko wa pensheni, bima, na mkopo wa benki niliomjengea mama vyumba viwili. Kilichobaki kilikua kinanitosha kula mpaka tarehe 17 hivi. Mwaka 2017 mlipofanya uhakiki mkawaondoa watumishi 9,932 wa vyeti feki, sawa kabisa, ila sisi wenye vyeti vyetu halali tukasimamishiwa madaraja tukingojea miaka. Yote hayo nilivumilia. Mwalimu anaeondoka kwa ajili ya hela aliondoka zamani. Mimi naondoka nikiwa nimelipa mshahara wa mwezi mzima badala ya notisi, deni la benki bado lipo, na kazi niliyonayo sasa ni watoto 14 barazani kwa shangazi yangu Makorora, shilingi elfu moja kwa siku kwa mwenye nayo, ubao nimechonga mwenyewe na rangi ya ubao nimechanganya na mkaa wa betri kama zamani. Mtu akipata 3 kati ya 10 naandika 3.

Mama yangu nilimwambia mwisho kabisa. Akaniuliza, "Mwanangu, kazi ya serikali inaachwa?" Nikamwelezea ya namba 74. Akanyamaza sana, anamenya chungwa. Alafu akauliza, "Na wale vibua ulivila?" Nikamwambia nilivila mama. Akasema basi unadaiwa.

Kwaiyo nalipa deni kwa njia hii. Siombi mnirudishe wala mniite kunisikiliza, chai na maandazi ya vikao nimekunywa vya kutosha. Naomba kinyago kile kichomwe, kama bado kipo, na kama kiko wilaya nyingine kichomwe na huko. Mkuu wa shule akileta ziro 47 na maelezo ya kurasa sita, someni zile kurasa kabla ya kumuita mbele, mana yule wa pembeni yake alieleta ziro tatu huenda amewahamisha dhaifu wote wakafanye kama watahiniwa binafsi, nimeona ikifanyika. Mdhibiti ubora aje bila kupiga simu, aingie darasani achukue madaftari kumi ya watoto ayafungue, aache kuangalia la mwalimu. Madaftari ya watoto hayajui kudanganya, ukurasa ukiwa mtupu ni mtupu. Na mtu wa kuhesabu madarasa akija na mkasi wake wa utepe, ahesabu na walimu, sio kazi ngumu, tulikua tunatosha kwenye benchi mbili.

La mwisho ni makabidhiano. Utaratibu unasema mwalimu akiondoka akabidhi vifaa vya idara. Leja ya maabara inasema mizani 12, ammita 20, vitabu vya fizikia kidato cha tatu 160. Nilihesabu mara mbili na yule kijana wa kujitolea. Mizani 2, ammita 5 na zinazofanya kazi ni 3, vitabu 38. Nikaandika hivyo kwenye fomu. Mkuu wa shule akaipitia, akavua miwani, akaniambia madam utaniletea matatizo, andika kama leja inavyosema, atakaekuja nae atapokea hivohivo kama sisi tulivyopokea. Nikamwambia mkuu mimi naondoka, sina cha kuogopa, ila huyo atakaekuja siku moja atadaiwa mizani kumi ambazo hakuziona. Tukakaa kimya pale muda, nje kengele ya kipindi cha nne imegongwa na hakuna aliyenyanyuka. Alafu akachukua peni akatia sahihi.

Nakala moja iko kwenye faili, moja ninayo mimi. Katika zile mizani mbili, ile ya bluu mshale wake umepinda, inaongeza gramu tano. Atakaekuja aambiwe, atoe tano.

Aliyekua wenu katika ujenzi wa taifa,

Madam wa hesabu,
Tanga.